Nguo iliyokupendeza Februari mbona Juni inakunenepesha? Umbo, kitambaa na mahali nguo inapoishia

Kila mwaka mvua za masika zikishashika, mwezi wa nne wa tano hivi, asubuhi kunakuwa na kaubaridi flani Dar es Salaam na wadada wanaanza kutupia sweta juu ya yale magauni waliyoyavaa kipindi chote cha joto, alafu malalamiko yanaanza, mbona nimenenepa, mbona naonekana mfupi, hili gauni mwezi wa pili si lilikuwa linanikaa vizuri, na ukipanda mzani kilo ni zilezile. Mwili haujabadilika. Kilichobadilika ni mistari. Umeongeza sweta linaloishia katikati ya hipsi, umeacha sendo umevaa viatu vya kufunika, umevaa taiti nyeusi ndani, na kila kimoja hapo kimekuwekea mstari mpya mwilini, na jicho la anayekutazama linasimama palepale mstari ulipo.

Ushauri mwingi wa mavazi unaosambaa umeandikwa na watu wanaotoka kiangazi cha Ulaya au Marekani kuingia kwenye baridi yao, ukisoma unaambiwa koti la sufu, buti za kufika magotini, sweta zito, na we uko Mbagala ambako Februari mchana ni nyuzi 32 na jasho juu, na hata Julai usiku joto linashuka kwenye 19 hivi. Mwenzio wa Njombe, Mbeya au Arusha yeye Juni hadi Agosti koti analihitaji kwelikweli. Kwahiyo kuna mambo mawili watu wanayachanganya, kuvaa kufuata hali ya hewa na kuvaa kufuata umbo, na wengi tunafanya la kwanza tukisahau la pili, ndo maana hiki kipindi cha kutoka joto kuingia kipupwe kinatusumbua kuliko kipupwe chenyewe.

Tuanze na umbo. Umeshaambiwa kuna tufaa, kuna pea, kuna namba nane, na ukijitazama kwenye kioo hujioni popote. Achana na kioo, chukua tepu ya fundi. Zungusha tepu mabegani, pale yalipotanuka zaidi. Zungusha kifua pale palipojaa zaidi. Kiuno nacho, inama kidogo upande, pale mwili unapojikunja ndo kiuno chako, sio pale suruali inapokaa. Alafu hipsi, na hipsi inapimwa pale makalio yalipotokeza zaidi, sio kwenye mfupa wa nyonga, wengi wanapima juu sana alafu wanashangaa sketi haipiti.

Ukishapata hizo namba hesabu ni nyepesi. Hipsi ikizidi kifua kwa inchi tatu na nusu kwenda juu, we chini ndo kupana. Mabega au kifua vikizidi hipsi, juu ndo kupana. Kifua na hipsi vikikaribiana na kiuno kikawa kidogo kwa inchi tisa kumi hivi, hiyo ndo namba nane. Vikikaribiana na kiuno nacho hakijaachana navyo sana, umbo lako limenyooka, ndo lile wanaloita mstatili. Na kama kiuno kinalingana na kifua au kimekizidi, basi tumbo ndo linalobeba nguo yako, na hilo lina mambo yake ntaeleza.

Wengi wanadhani umbo la kawaida ni namba nane alafu wengine wote tumekosea mahali. Sio kweli kabisa. Chuo Kikuu cha North Carolina State huko Marekani kilichambua vipimo vya wanawake zaidi ya 6,000 vilivyochukuliwa kwa mashine, matokeo yakatoka 2005, karibu nusu yao, asilimia 46, walikuwa wa umbo lililonyooka, na namba nane walikuwa asilimia 8 tu. Na bado viwanda vilikuwa vinakata nguo nyingi kwa kufikiria hiyo namba nane. Ni Wamarekani wale, ndio, lakini inatugusa moja kwa moja kwasababu mtumba tunaonunua Karume, Manzese au Memorial pale Moshi mwingi umeshonwa kwa vipimo vya huko. Kwahiyo ukijaribu bleza likakubana huku likapwaya kule, tatizo linaweza kuwa ni mkato wa lile bleza, wala sio mwili wako, na ningependa kila mdada alijue hilo kabla hajaanza kuuchukia mwili wake mbele ya muuza mtumba.

Alafu kuna kipimo kimoja ambacho watu hawakiongelei na mi naona ndo kinaamua mambo mengi kuliko hata hipsi, nacho ni urefu wa kiwiliwili. Unaweza kukuta wadada wawili, kimo kimoja, hipsi 42 wote, kiuno 32 wote, alafu suruali moja ya kupanda kiunoni ikampendeza huyu na kumharibu yule, kwasababu mmoja ana kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, mwenzie kinyume. Jipime hivi, weka kiganja kimoja chini tu ya matiti na cha pili chini yake vikiwa vimelala. Kama kiganja cha chini kimeshakivuka kiuno, kiwiliwili chako ni kifupi. Kama imebaki nafasi, ni kirefu. Mwenye kiwiliwili kifupi akivaa suruali au sketi ya kupanda juu, mkanda unakaribia kugusa matiti na anaonekana kifua kimekaa moja kwa moja juu ya miguu, huyo anapendeza zaidi nguo ikikaa chini kidogo ya kiuno na blauzi ikaachwa nje. Mwenye kiwiliwili kirefu ndo achomekee, apandishe, avae jaketi fupi, miguu yake itaonekana imeongezeka.

Sasa hii mistari inafanyaje kazi. Jicho likitazama mtu haliendi sawasawa kutoka kichwani mpaka miguuni, linaruka, linasimama pale rangi inapobadilika ghafla, pale kitambaa kinapoishia, pale pana mkanda, pale pana kitu kinachong'aa. Blauzi nyeupe na sketi nyeusi zinapokutana panakuwa na mstari mkali, na kama mstari huo umeangukia pale hipsi zilipo pana zaidi, umemwambia kila mtu atazame hapo na apime upana wako hapo. Ukiusogeza kwenda juu mpaka kiunoni, anapima kiuno. Mwili ni uleule. Pindo la sketi ni hivohivo, likiishia katikati ya shavu la mguu, pale mguu ulipojaa, mguu mzima unaonekana mnene, likiishia chini tu ya goti au pale mguu unapoanza kuwa mwembamba kuelekea kifundo, mguu unaonekana mwembamba. Tofauti hapo ni inchi tatu nne tu na fundi anaifanya kwa dakika chache.

Na hapa naomba niseme kuhusu mistari ya kulala, manake hiyo imani imeshika kila kona kwamba ukivaa mistari ya kulala unanenepa na ya kusimama unapungua. Mwanasayansi Mjerumani, Hermann von Helmholtz, karne ya 19 alishaonyesha kwamba mraba uliochorwa mistari ya kulala unaonekana mrefu na mwembamba kuliko mraba uleule wenye mistari ya kusimama, yaani kinyume na tunavyoambiana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wakaja kuijaribu kwenye picha za watu waliovaa nguo, wakaichapisha 2011, na hawakukuta mistari ya kulala inanenepesha mtu. Kwahiyo lile tisheti lako la mistari lirudishe kabatini. Ila uangalie kitu kimoja, mwenye kifua kikubwa mistari ya kulala inapinda ikipita juu ya matiti, na pale inapopinda panaonekana sana, kwahiyo kwake shida ni kule kupinda, hasa kama kitambaa kinabana. Upana wa mstari nao una maneno, mistari myembamba iliyokaribiana jicho linaiona kama rangi moja, mistari minene ya rangi mbili zinazogombana inaonekana toka mbali.

Kitambaa sasa. Hapa ndo watu wanapoteza hela, kwasababu unaona mshono kwa mtu au kwenye simu, unampelekea fundi picha, fundi anakushonea vilevile alafu haikai vile, na unamlaumu fundi. Mshono uleule kwenye vitambaa viwili ni nguo mbili tofauti. Kitenge kipya cha pamba chenye nta kimekakamaa, kinasimama kama turubai, kikishonwa marinda kiunoni kinakwenda nje, kinaongeza upana kila upande, kwa mdada aliyenyooka hiyo ni raha tupu, inamtengenezea hipsi asizokuwa nazo, ila kwa mwenye hipsi 46 inamuongezea juu ya alizonazo. Shifoni, vaiskosi, krepu, hivi vinaanguka chini, vinafuata mwili bila kuushika. Satini inafuata mwili na inang'aa, na pale inapong'aa ndo panaonekana, hivyo satini ya kubana kwenye tumbo inalitangaza tumbo hata kama ni dogo. Vile vya kuvutika vyembamba, vya legingi na magauni ya kubana, vinaonyesha kila kilicho ndani ikiwemo mshono wa chupi, lakini kitambaa cha kuvutika kikiwa kizito, kile ukikunja unahisi kina nyama, hicho kinashika na kunyoosha.

Ndo maana kwenye joto tunajikuta tunapendeza bila kujua sababu. Februari unavaa dera, unavaa kaftani, unavaa gauni la vaiskosi la kumwaga, vitu vyepesi, rangi moja au nakshi moja toka begani mpaka chini, hakuna mstari wa kukukata. Dera lenyewe ni nguo ya akili sana, limebebwa na mabega, halishiki popote, upepo unapita. Lina tatizo kwa mwenye kifua kikubwa tu, linaning'inia kutokea kwenye matiti na mbele yote inakuwa pana sawa na kifua, mwili mzima unapotea mle ndani, na dawa yake ni kulikusanya pembeni, ukafunga kwa ndani kamba moja nyembamba kiunoni upande wa nyuma tu, mbele ukaacha limwagike, mgongo unaonyesha kwamba kiuno kipo na mbele hakuna kinachobana.

Twende kwa maumbo, na ntakaa zaidi pale penye maswali mengi.

Wa chini pana, hipsi na mapaja. Wengi wanaambiwa wavae nyeusi chini na rangi juu, inasaidia, ila sio ndo yote. Cha kwanza kwao ni mabega. Mabega yakionekana yamepanuka kidogo, hipsi zinapata mwenzake, umbo linalingana, kwahiyo shingo ya boti, mikono yenye kujaa pale juu begani, kola kubwa, mtandio uliowekwa vizuri mabegani, hivyo vyote vinafanya kazi kuliko kujaribu kuficha hipsi. Sketi yao nzuri ni ile inayobana kiunoni alafu inafunguka taratibu kwenda chini bila marinda, ile ambayo mbunifu wa mavazi Mfaransa, Christian Dior, aliipa jina la herufi A mwaka 1955 na mpaka leo mafundi wanaijua kwa herufi hiyo. Suruali bwanga nazo, ziwe za kitambaa cha kuanguka, zinyooke toka hipsi mpaka chini. Skini sio kosa ila ukivaa skini hakikisha cha juu hakiishii kwenye hipsi, kiishie juu yake au kishuke kabisa mpaka katikati ya paja. Na ukinunua suruali chagua inayotosha hipsi alafu kiuno kipunguzwe na fundi, usinunue inayotosha kiuno ukategemea hipsi zitaingia, mifuko itafumuka pembeni na hiyo mifuko iliyofumuka inaongeza upana kuliko chochote.

Wa juu pana, mabega au kifua. Hapa kuna watu wawili tofauti na wanapewa ushauri mmoja kimakosa. Mwenye mabega mapana na kifua kidogo anaweza kuvaa shingo ya V, kamba nene, mikono iliyoshonewa ndani kidogo ya bega, na chini akaachia, marinda, kitenge kilichokakamaa, suruali pana, vyote vinampendeza. Aepuke mikono ya puto na bleza lenye sponji begani. Sasa mwenye kifua kikubwa shida yake ni nyingine, ni nguo kutokaa, vifungo vinafunguka katikati, gauni linapanda mbele na pindo linakuwa fupi mbele kuliko nyuma. Huyo namshauri kabla ya gauni lolote anunue sidiria inayomtosha kweli, manake kifua kikipanda mahali pake kinaachia nafasi kati ya matiti na kiuno na ile nafasi ndo inayomfanya mtu aonekane ana kiuno. Alafu amwambie fundi aweke dati za kutosha, zile pinda zinazochukua kitambaa kutoka pembeni kuelekea kwenye titi, au mshono mrefu unaopita juu ya titi kutoka begani mpaka chini. Gauni bila dati kwa mwenye kifua kikubwa haliwezi kukaa, hata uwe na fundi hodari vipi, kwasababu kitambaa ni bapa na mwili sio bapa, lazima kiondolewe mahali. Shingo ya V isiyo ya kina sana inakata upana wa kifua, na gauni la kuvuka mbele na kufunga ubavuni, ambalo mbunifu wa mavazi Diane von Furstenberg alilivumisha duniani mwaka 1974, ni zuri kwake ila ashonewe kishikizo kimoja cha siri pale linapovukana, na kipindi cha kusi upepo unavyovuma pale Kivukoni ashonewe na kingine kwenye sketi.

Wa tumbo. Jamani hapa naomba tuongee kwa heshima, manake wengi wenye tumbo wamelipata kwa uzazi, kwa umri, kwa upasuaji, kwa dawa, na wanaongelewa vibaya sana. Ushauri wanaopewa ni kubana, taiti ya kubana tumbo kwenye joto la Dar, mtu anashindwa kupumua kwenye daladala, na ukibana katikati nyama inahamia juu na chini. Mi sishauri. Kinachofanya kazi ni kuuhamisha mstari wa kiuno uende pale palipo pembamba zaidi kwako, na kwa wengi wenye tumbo ni chini tu ya matiti, pale kwenye mbavu. Gauni likatwe hapo, lisiwe na marinda mengi mbele manake litaonekana la ujauzito, liwe na mkunjo mmoja au miwili inayoanguka, kitambaa kiwe na uzito kidogo kisichoshika. Wenye tumbo wengi wana miguu mizuri na mikono mizuri na hawajui, basi waionyeshe, pindo liishie gotini, mikono iishie chini ya kiwiko. Na kitenge chenye maua makubwa sana, lile duara kubwa moja, mwambie fundi asije akaliweka katikati ya tumbo, ni kitu kidogo ila mafundi wengi wanakata tu kitambaa kilivyolala bila kuangalia ua linaangukia wapi. Hiyo ni kwa kila mtu kwakweli, kuna magauni yana maduara mawili juu ya matiti na mwenye nayo hajui watu wanamtazama nini.

Walionyooka, kazi yao ni kuamua tu, ama wanatengeneza kiuno kwa mkanda na sketi iliyojaa, ama wanaacha unyoofu uwe unyoofu, bleza ndefu, suruali ya kunyooka, gauni la kushuka, na hapo wanapendeza mno. Namba nane nao wasivae nguo ya kuning'inia kutoka kwenye kifua, wafuate kiuno, basi.

Sasa turudi kwenye kubadilisha msimu, manake hapa ndo yote yanakutana. Ukiongeza nguo ya pili juu ya ya kwanza unaongeza unene na unaongeza pindo. Unene ni rahisi kuudhibiti, nguo mbili nyembamba zinatunza joto vizuri kuliko moja nene kwasababu hewa inabaki kati yake, kwahiyo fulana nyembamba ya pamba ndani ya gauni na sweta jembamba la vifungo juu yake zinatosha kwa asubuhi ya Juni ya Dar, na saa sita jua likitoka unavua moja. Arusha na Mbeya utaongeza koti, na Njombe utaongeza vingi.

Pindo ndo lenye kazi. Kanuni ninayoiamini ni kwamba nguo ya juu iishie kiunoni au iende mpaka chini ya makalio, isiishie katikati. Sweta nyingi za dukani na za mtumba zinaishia hapo hapo katikati ya hipsi, ndo urefu wa kawaida wa kiwandani, na ndo maana zinamnenepesha karibu kila mtu anayezivaa juu ya gauni. Ukiwa nalo la hivo, funga kifungo kimoja au viwili pale kiunoni uache chini wazi, litajigawa kama pazia... hapana, niseme vizuri, zile pande mbili zinafunguka kwenda nje na katikati inabaki njia ya gauni lako toka kifuani mpaka chini, jicho linashuka na hiyo njia badala ya kusimama kwenye pindo. Kama umejaa juu liache wazi lote, ile mistari miwili ya kusimama inakula upana wa kifua. Kama umejaa chini bora jaketi fupi la kiunoni, hata la jinzi.

Kuna na rangi. Kwenye joto tunavaa rangi zinazowaka toka juu mpaka chini, kipupwe kikiingia tunachomeka nyeusi katikati, sweta jeusi juu ya gauni la njano, na tunajikata vipande. Chagua sweta la rangi iliyomo tayari ndani ya nakshi ya gauni, kama kitenge kina bluu ya bahari, kahawia na krimu, chukua sweta la ile kahawia, mstari wa pindo utakuwepo ila hautapiga kelele. Taiti na viatu hivohivo, viatu vya rangi inayokaribiana na ngozi yako au na taiti vinaurefusha mguu, na viatu vyenye kamba ya kuzunguka kifundo vinaukata. Buti fupi zinazoishia juu tu ya kifundo na gauni linaloishia katikati ya shavu la mguu, hapo mguu unabaki kipande kidogo, mtu mfupi anapotea kabisa, basi ama gauni lipande ama lishuke mpaka lifunike shingo ya buti.

Na masika yenyewe inataka urefu wake. Gauni la kuburuza ni zuri Januari, mwezi wa nne linarudi nyumbani limenyonya maji ya pale Jangwani, Dar, mpaka gotini, kitambaa kikilowa kinavutwa chini, mkao wote wa kiunoni unaharibika hata kikikauka. Kipindi hicho urefu wa kifundo au chini ya goti, kitambaa kinachokauka haraka, na sketi yenye nafasi ya kupandia bajaji bila kuikusanya yote mkononi.

Ukiwa unanunua koti au bleza la mtumba kuna sehemu moja tu ya kuangalia kwanza, bega. Mshono wa bega ukae pale bega lako linapoishia. Kiuno kinapunguzwa, urefu unapunguzwa, mikono inapunguzwa, ila bega kulirekebisha ni kubomoa nguo nzima na mafundi wengi wataliharibu. Usiangalie namba ya saizi, 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na bado kila kampuni inapima kivyake, kwahiyo livae, nyoosha mikono mbele, ukihisi mgongo unavutwa liache. Na livae ukiwa na kile utakachokivaa ndani, watu wanajaribu koti wakiwa na singlendi wakati wa joto alafu Juni wanavaa na sweta halifungi.

Kwa wa kitenge, hatua ya kwanza ni maji. Kitambaa cha pamba kinasinyaa kikifuliwa mara ya kwanza, na kile kukakamaa kunapungua, kwahiyo kiloweke, kianike, kipige pasi, ndo upeleke kwa fundi, vinginevyo gauni lililokutosha siku ya kulichukua baada ya kufua mara moja litakuwa limepanda na limebana. Mwambie aache akiba ya inchi moja ndani ya mishono ya pembeni, manake miili inabadilika na msimu unabadilika na Juni unataka nafasi ya fulana ndani. Aweke bitana kwenye sketi, bitana ndo inayozuia kitambaa kisipande kwenye taiti ukitembea. Nenda kupimwa ukiwa na sidiria utakayoivalia, na simama kawaida, wengi wakipimwa wanavuta tumbo ndani na fundi anashona kwa tumbo ambalo halipo siku nyingine zote.

Siku ya kwenda kulijaribu beba na lile sweta na vile viatu. Livae, alafu usijitazame ukiwa umesimama tu, kaa kwenye benchi la fundi, inuka, nyanyua mkono juu ukishika bomba la daladala lisilokuwepo, geuka utazame nyuma. Pindo likipanda juu kuliko unavyotaka ukikaa, au sweta likiangukia pale ambapo hutaki watu watazame, liwekee pini hapohapo fundi aone, arekebishe kabla hujamalizia hela iliyobaki.